LED kwenye Probox: kwa nini wanaokuja mbele wanakuwashia fulu

"Fundi, habari za kazi. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafanya biashara ya kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti kutoka Singida. Gari langu ni Toyota Probox, balbu za taa za mbele ni H4. Mara nyingi narudi usiku, na kwa muda mrefu nilikuwa naona taa zimefifia, hasa kipande cha Manyoni hadi Bahi ambako ng'ombe, punda na baiskeli vinakatiza bila hata stika ya kuakisi. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya magari, akaniuzia LED kwa shilingi 70,000. Boksi limeandikwa lumeni 20,000. Usiku wa kwanza nilifurahi, mbele ya gari pakawa peupe kama mchana. Lakini sasa malori na mabasi yananiwashia fulu hata nikiwa kwenye dimu, na juzi nusura nimgonge punda, nilimwona nikiwa nimeshamfikia. Shemeji anasema wanaoniwashia wana wivu tu, na punda ni punda. Fundi mwingine ananiambia nizing'oe haraka, eti LED zinaunguza nyaya na kumaliza betri. Shemeji sasa anataka aniuzie LED nyingine za bei kubwa zaidi, au halojeni za wati 100. Nina miaka 51, macho yangu naamini ni mazima. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, pole kwa mkasa wa punda, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela tena. Katika maelezo yako naona mambo matatu: mwanga umeongezeka, unaokutana nao wanaumia macho, na wewe mwenyewe vitu vya mbali unaviona kwa kuchelewa. Yanaonekana kama yanapingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Mwanga unao mwingi, ila hauendi unakotakiwa kwenda.

Nianze na shemeji, kwa heshima zake zote. Dereva anayeshuka Saranda na tani thelathini mgongoni hana nafasi ya kuionea wivu Probox iliyojaa matenga ya kuku. Anakuwashia kwa sababu anadhani umesahau kudimu, na kwa jinsi anavyoona yeye, hujadimu kweli. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukimpofusha kwa sekunde tatu ameshatembea zaidi ya mita 60 bila kuona vizuri, huku wewe ukimjia upande wa pili wa mstari. Macho yake yakishindwa kazi, wa kwanza kuumia unaweza kuwa wewe.

Fundi wa pili naye hajapatia, ingawa ushauri wake wa kuzing'oa una maana kwa sababu nyingine. H4 ya halojeni, yaani balbu ya asili yenye uzi, hula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. LED nyingi za kubadilishia, ukizipima kwa mita, hula karibu nusu ya hapo. Umeme unaopita kwenye nyaya unapungua, na altaneta, ile inayochaji betri, inapata nafuu kidogo. Nyaya huungua pale mtu alipokata plagi ya gari akaunganisha kwa kusokota na kufunga selotepu, au alipoweka balbu kubwa kuliko nyaya zilivyokusudiwa. Kwa hiyo angalia plagi zako. Kama zimekatwa, hilo ni la kushughulikia wiki hii. Kama LED zimechomekwa tu kwenye plagi ya asili, usipoteze usingizi.

Sasa hizo lumeni 20,000. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye balbu. Halojeni ya H4 iliyo nzima hutoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. LED inayofanya kazi vizuri ndani ya taa ya gari hutoa lumeni mia moja hivi kwa kila wati moja. Piga hesabu: lumeni 20,000 zingehitaji wati 200. Hata ukizigawia balbu zote mbili, ni wati 100 kila moja, na joto lake lisingevumilika kwenye kitu kidogo kama kidole gumba chenye kifeni nyuma. Boksi linasema uongo. Lakini furaha yako ya usiku wa kwanza haikuwa ya uongo: LED ya wati 30 inaweza kutoa lumeni 2,500 hadi 3,000 ikiwa bado ya baridi, yaani zaidi ya mara mbili ya dimu uliyoizoea. Mwanga uliongezeka kweli. Kilichoharibika ni mpangilio wake.

Hapa naomba unifuate taratibu, maana ukielewa sehemu hii hutahitaji tena ushauri wangu wala wa shemeji. Mchana simama mbele ya gari uchungulie ndani ya taa. Nyuma ya kioo kuna reflekta, ile sehemu inayong'aa rangi ya fedha. Kila eneo lake limekokotolewa kiwandani lipokee mwanga kutoka nukta fulani na kuurusha upande fulani. Ndani ya balbu ya H4 ya halojeni kuna nyuzi mbili ndogo za tungsteni, kila moja ina urefu wa milimita chache tu. Uzi wa fulu umekaa kwenye kitovu cha reflekta, hivyo mwanga wake unatoka umenyooka kwenda mbali. Uzi wa dimu umesogezwa mbele kidogo ya kitovu, na chini yake kuna kijikombe cha chuma. Mwanga unaogonga nusu ya juu ya reflekta hurushwa chini, barabarani. Ambao ungegonga nusu ya chini ungeruka juu, machoni mwa watu, na huo ndio kijikombe kinauzuia. Dimu ni hilo tu: uzi mdogo uliokaa mahali pake na kipande cha chuma kisichozidi ukucha.

Matokeo yake ukiyaangalia ukutani ni mstari ulio wazi, chini mwanga, juu giza. Upande wa kulia mstari umelala, ili usimguse anayekuja. Upande wa kushoto unapanda kwa mwinamo kama wa digrii 15, ili umulike ukingo wa barabara wanakopita waenda kwa miguu na punda wako. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana taa za magari yetu ya mtumba zinatufaa bila kubadilishwa. Lakini siku ukivunja taa na kutafuta nyingine, uliza ilikotoka. Iliyotoka kwenye gari la nchi wanazoendesha kulia, iwe Ulaya au Dubai, hupandisha mwanga upande wa kulia, na hapo hata balbu ya asili itapofusha watu.

Tungsteni inatoa mwanga pande zote kuuzunguka uzi. LED ni vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za kibati, kimoja kinatazama kushoto na kingine kulia. Ili reflekta idanganyike ikadhani ni uzi wa halojeni, vipande hivyo lazima viwe na ukubwa uleule, vikae mahali palepale, na kibati kiwe chembamba sana. Kwenye LED za bei ya chini vipande ni vikubwa, kibati ni kinene, na kijikombe ni cha kuigiza tu. Kosa la milimita moja pale kwenye chanzo linaweza kuuhamisha mwanga zaidi ya mita moja ukifika mita 50 mbele. Mstari wa dimu unayeyuka. Mwanga mwingine unapanda juu na kumkuta dereva wa lori, mwingine unamwagika chini mbele ya bampa, na ule uliopaswa kwenda mbali unabaki kidogo.

Huo unaomwagika mbele ya bampa ndio uliokudanganya. Jicho hujirekebisha kufuata kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Aliyekaa kuota moto usiku hamwoni anayepita gizani nje ya boma, ila yule anayepita anamwona yeye vizuri sana. Mita kumi za kwanza zikiwa nyeupe kupita kiasi, mboni inabana, na kilicho mita 70 mbele, kijivu juu ya lami ya kijivu, kinazama. Ndiyo maana siku zote naonya: mtu akikusifia taa kwa jinsi zinavyong'aa akiwa amesimama uani kwake, hajakuambia chochote. Taa hupimwa kwa umbali.

Na umbali wenyewe hauna huruma. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikiinamishwa asilimia moja kama inavyotakiwa, yaani mwanga ushuke sentimita moja kila mita moja, mstari wake wa dimu unagusa lami mita 65 mbele. Gari likiwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu, ukichanganya sekunde moja na nusu ya kushtuka na breki zenyewe, linahitaji karibu mita 70 kusimama. Ukiwa 100, inakaribia mita 100. Maana yake hata dimu iliyo kamili haikutoshi kwa mwendo wa 100. Fulu ndiyo taa ya safari ya usiku. Dimu ni ya kupishana na ya mjini. Madereva wengi husafiri usiku kucha kwenye dimu wakitafuta balbu kali zaidi, kumbe hawajazoea tu kuwasha fulu barabara ikiwa tupu na kuishusha mapema wakiona mwanga unakuja.

Kuna jambo hukuligusia, na kwa biashara yako naona ni kubwa. Probox ikibebeshwa matenga na madumu ya alizeti nyuma, mkia unashuka na pua inainuka. Pua ikipanda kwa digrii moja tu, ule mwinamo wa asilimia moja umeshaisha na taa zako zimeelekea juu. Huenda hata kwa halojeni ulikuwa unawakera watu ukirudi, ila mwanga ulikuwa hafifu wakakuvumilia. Angalia upande wa dashibodi karibu na usukani kama kuna kile kidude cha kuzungusha chenye 0 na namba nyingine. Hicho ndicho cha kushushia taa gari likiwa na mzigo. Wengi hawajawahi kukigusa tangu gari litoke bandarini. Kama gari lako halina, taa zisetiwe mzigo ukiwa ndani.

Sasa la kufanya. Kwa kuwa LED umeshazilipia, zipe nafasi moja kabla ya kuzihukumu. Angalia zilivyokaa: vipande vya LED lazima vitazame kushoto na kulia, kijikombe kikiwa upande wa chini. Mafundi wengi huchomeka tu na kuondoka, balbu ikakaa upande. Nyingine zina shingo inayolegezwa na kuzungushwa. Kisha tafuta ukuta uliosimama wima na uwanja tambarare mbele yake, wa shule au wa ghala, jioni kiza kinapoanza. Upepo wa matairi uwe sawa, wewe au mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva, mzigo wa kawaida uwe nyuma. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya chaki au utepe mahali panapolingana na katikati ya kila taa, halafu rudi nyuma mita 10. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya alama zako.

Ukiona mstari mnyoofu wenye kona ya kushoto, umebahatika: zisetiwe kwa skurubu za nyuma ya taa, uendelee nazo. Ukiona wingu la mwanga lisilo na mstari, au mabaka juu ya alama, hakuna skurubu itakayoliponya. Wengine watakushauri uinamishe taa mpaka wenzako wanyamaze. Utafanikiwa, lakini ukiinamisha asilimia mbili, mwanga unagusa lami mita 32 mbele, na hapo wewe na punda mtakutana tena.

Kwa maelezo yako natarajia utaona wingu. Basi rudisha halojeni, lakini usiishie hapo, kwa sababu malalamiko yako ya mwanzo yalikuwa ya kweli. Taa zako zilikuwa hafifu, na hilo linatibika kwa gharama ndogo kuliko ile ya boksi.

Cha kwanza ni vioo. Tunaviita vioo lakini ni plastiki ya polikaboneti, na jua la Dodoma, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, halina urafiki na plastiki. Rangi ya kuzuia mionzi iliyopakwa kiwandani inachoka, plastiki inakuwa ya njano, na vumbi la kiangazi linaikwaruza. Mwaka 2018 shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima taa zilizochakaa hivyo likakuta dimu yake inatoa chini ya robo ya mwanga wa taa mpya. Robo! Hapo ukiweka balbu kali unasukuma mwanga kwenye ukungu, nao unatawanyika kila upande, hata juu. Vioo vikiwa vya njano, viende kwa mtu anayejua kusugua: msasa wa maji wa namba 800 au 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, na mwisho kabisa rangi angavu yenye kinga ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huwa inarukwa. Bila hiyo vioo vinapendeza wakati unalipa, baada ya miezi michache vimerudi vilevile. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi, mwache nayo anayeuza gari. Kama njano iko kwa ndani, au reflekta yenyewe imechujuka na kupoteza ung'avu, kusugua hakusaidii, tafuta taa nzima.

Cha pili ni umeme unaofika kwenye balbu, na hapa ndipo pesa ya bure ilipojificha. Mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Gari la miaka kumi na tano au ishirini lina kutu kwenye plagi, waya wa hasi uliolegea kwenye bodi, swichi iliyochoka. Mwombe fundi umeme awashe injini na dimu, apime volti kwenye vichwa vya betri, kisha apime kwenye plagi ya nyuma ya balbu ikiwa inawaka. Usikubali apime balbu ikiwa imechomolewa, maana waya mbovu usio na mzigo unaonekana mzima. Betri ikisoma 14 na balbu ikisoma 12.6, umepoteza ile asilimia 10. Tofauti ya chini ya nusu volti inavumilika. Ikizidi volti moja, asafishe plagi na waya wa hasi kwanza, apime tena, na ikibidi afunge rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na nyaya nene zinazotoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake. Kwenye baadhi ya Toyota swichi ya taa hukata upande wa hasi badala ya chanya, na fundi asiyejua hilo atafunga rilei, taa zikafanya vituko. Muulize kabla. Ukiona anashangaa swali, mshukuru, utafute mwingine.

Cha tatu ni balbu zenyewe. Nunua H4 za 60/55 za kampuni inayoeleweka, zote mbili kwa pamoja, na usiguse kioo chake kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hupasha kioo joto sehemu moja na kuipunguzia balbu maisha. Zipo zinazotangazwa kuwa na mwanga zaidi ya kawaida. Baadhi ni za kweli, uzi wake umebanwa zaidi na hivyo unaona mbali kidogo, lakini zinakufa mapema. Kwa msafiri wa Singida naona zinafaa, ila weka ya akiba kwenye droo ya dashibodi.

Baada ya yote hayo ndipo unaseti kwenye ukuta. Sio kabla.

Halojeni za wati 100 usiziguse. Plagi na waya wa H4 vimepangiwa wati 60. Ukipitisha karibu mara mbili ya umeme huo, plagi inapata joto mpaka inageuka kahawia na kuyeyuka, na joto la balbu lenyewe linababua reflekta. Utapata mwanga mzuri kwa muda, kisha utanunua taa nzima. Kama kuna kitu cha kuunguza nyaya katika hadithi hii, ni hicho, na fundi wako wa pili angekuwa sahihi kabisa.

Na LED za bei kubwa zaidi? Hapa sitakudanganya kwamba zote ni takataka. Kuna zilizotengenezwa kwa uangalifu, vipande vyake vidogo vimekaa pale pale ulipokuwa uzi. Ujerumani, ambako wako wakali kwa mambo haya, mwaka 2020 waliruhusu kwa mara ya kwanza balbu ya LED ya kubadilishia ya kampuni ya Osram, aina ya H7, lakini kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha tu, kwa sababu balbu ileile inaweza kufaa kwenye taa ya gari hili na kuharibu kwenye taa ya lile. Uingereza tangu Januari 2021 ukaguzi wa kila mwaka wa magari ulianza kuyakataa yaliyobadilishwa taa za halojeni kuwa LED. Japani, lilikotoka gari lako, hawaangalii jina la balbu, wanapima kila taa kwa mashine: ifike kandela 6,400 (kipimo cha ukali wa mwanga upande mmoja) mahali panapotakiwa na mstari wake uonekane. Kipimo cha Japani ndicho ninachokipenda, na ukuta wako ni kipimo hichohicho cha mtu asiye na mashine. Kwa hiyo shemeji akikuletea nyingine, mwambie mzifunge kwanza, muende ukutani usiku, ndipo ulipe. Akikataa, umeshapata jibu.

H4 ndiyo ngumu kuliko zote kwa LED, kwa sababu balbu moja inabeba dimu na fulu na kile kijikombe. Gari lenye projekta, yaani taa yenye lenzi ya duara kama jicho la samaki, husamehe zaidi, maana ndani yake kuna kibati kinachokata mwanga wa juu hata balbu ikikosea kidogo. Na pale dimu na fulu zinapokuwa na balbu mbili tofauti, LED upande wa fulu haina madhara sana kwa wengine, mradi unaizima kwa wakati. Nayasema haya kwa ajili ya wasomaji wenye magari ya namna hiyo. Probox yako haimo. Magari yaliyotoka kiwandani na LED, kuanzia Lexus LS 600h ya mwaka 2007 iliyotangulia kuwa na dimu ya LED, yalisanifiwa reflekta au lenzi yake kwa ajili ya LED tangu mwanzo, kwa hiyo usiyatumie kama ushahidi wa kutetea balbu za kwenye boksi.

Ukiamua kubaki na LED za aina yoyote, jua zinavyoishi hapa kwetu. Joto la halojeni linatoka na mwanga kwenda mbele. La LED linarudi nyuma kwenye kifeni na mapezi ya kupozea. Kifeni hicho kinavuta vumbi la barabara ya mnadani, kinakwama, LED inapata joto na kufifia yenyewe bila kukuaga. Mpira wa kufunika nyuma ya taa mara nyingi haurudi vizuri, vumbi na maji ya masika yakaingia kwenye reflekta. Ukisikia redio inakwaruza kila ukiwasha taa, ni saketi ya LED hiyo, si mtambo wa redio.

Watu wataniuliza kuhusu vumbi na taa za njano, basi nilimalize. Inasemwa njano hupenya vumbi. Chembe za vumbi na matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga wa rangi yoyote, hivyo hurudisha njano na nyeupe karibu sawasawa. Unachokiona kama ukuta mweupe mbele ya LED ni mwanga uliopanda juu na kurudi machoni. Ila mwanga wenye ubuluu, ule wa 6000K na kwenda juu (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), huchosha na kukera macho zaidi kuliko wa halojeni ulio kama 3200K, na anayeteseka zaidi ni wa mbele yako.

Mwisho, macho. Unasema unaamini ni mazima. Katika miaka 51 lenzi ya jicho huwa imeanza kupoteza uwazi wake, mboni haifunguki usiku kama ya kijana wa miaka 20, na mtu anahitaji mwanga zaidi kuona kitu kilekile. Mtoto wa jicho unaoanza hutawanya mwanga wa magari yanayokuja, ukaona miale na duara kuzunguka kila taa, huku mchana unasoma vizuri tu. Kwa hiyo fanya hivi: kabla ya vyote safisha kioo cha mbele cha gari, hasa kwa ndani, panapojaa utando usioonekana mchana. Kisha sugua taa, pima volti, seti. Ukimaliza hayo yote na bado unaona miale, au unachukua muda mrefu kurudi kuona baada ya kupishana na lori, usirudi gereji. Nenda kliniki ya macho hospitalini, waambie wazi kwamba unaendesha usiku, na wakuwekee dawa ya kupanua mboni waangalie ndani. Siku hiyo nenda na mtu wa kukuendesha, maana ukitoka hapo utaona ukungu kwa saa kadhaa. Na mpaka upate majibu, mzigo wa Singida uupakie alfajiri.